Giaboksi inachemka nikivuta trela kupanda Kapchorwa: nianzie wapi?

"Fundi, shikamoo. Nina Land Cruiser 80 ya mwaka 1993, dizeli ya silinda sita yenye turbo, gia otomatiki, lililotoka Japani. Nauza vifaa vya ujenzi. Natoa simenti Mbale, hapa Uganda, napeleka Kapchorwa juu mlimani, mara mojamoja nafika Bukwo, kwa trela la ekseli moja nililochomelewa hapa Mbale. Napakia mifuko 40, na nikirudi nabeba mahindi. Tangu mwaka jana, nikipita Muyembe na kuanza kupanda, taa iliyoandikwa A/T OIL TEMP inawaka, harufu ya kuungua inaingia ndani, na gia zinapanda na kushuka zenyewe bila kutulia. Mshale wa joto uko katikati, hausogei. Nazima gari nusu saa, kisha naendelea. Asubuhi nikitia D, gari linakawia kabla halijashika. Fundi mmoja anasema niweke rejeta kubwa, wa pili anasema nitoe themostati, wa tatu anasema niachane na otomatiki niweke gia za mkono. Tangu ninunue gari miaka minne iliyopita sijabadilisha oili ya gia, maana nasikia ukiibadilisha giaboksi inakufa. Mwaka jana pampu ya dizeli ilifunguliwa ikatengenezwa, na nikaweka matairi makubwa zaidi. Nikiteremka naweka N ili gia ipumzike. Nisaidie, hili gari ndilo linalonilisha."

Marahaba, ndugu yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu mambo mawili uliyoyataja kwa kupita ndiyo yaliyonishtua kuliko hiyo taa. Moja ni pampu ya dizeli iliyofunguliwa mwaka jana. La pili ni hiyo N. Naanza na N, maana haiwezi kungoja.

Usiteremke na N tena, hata leo. Gari lako likiwa tupu lina zaidi ya tani mbili. Mifuko 40 ya kilo 50 ni tani mbili kamili, na trela la chuma la kuchomelewa halikosi kilo mia nne au mia tano. Ukirudi na mahindi uzito haupungui sana. Kwa hiyo kutoka Sipi hadi chini Muyembe unashusha karibu tani tano, na kwa maelezo yako sioni kwamba trela lina breki zake. Ukiweka N, injini haikuzuii hata kidogo. Kazi yote inabebwa na breki za magurudumu manne ya gari. Zikipata moto, maji ya breki ambayo yamekaa miaka yakinywa unyevu yanachemka ndani ya paipu, na kanyagio linazama mpaka sakafuni bila kushika kitu. Makona ya mlima ule unayajua kuliko mimi.

Tena giaboksi yenyewe haipumziki kwenye N. Pampu inayosukuma oili ndani yake huzungushwa na injini, si na magurudumu. Injini ikiwa saileni, yaani inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, pampu inasukuma oili kidogo, huku magurudumu yanazungusha shafti za nyuma kwa kasi ya barabarani. Unazinyima oili wakati zinaihitaji. Teremka na 2, na gari likiendelea kusukumwa teremka na L. Weka gia hiyo kabla mteremko haujaanza, ukiwa bado mwendo wa pole, usisubiri mpaka limeshashika kasi.

Sasa turudi kwenye taa. Unasema mshale wa joto uko katikati, na naona hilo limekupa moyo kwamba gari haliumwi sana. Mshale ule unapima maji ya injini tu. Giaboksi haina mshale kwenye dashibodi yako, ina taa peke yake, na taa hiyo haikuwekwa ili ikuonye mapema. Inapowaka, oili imeshapita mbali kiwango chake. Oili ya gia otomatiki hufanya kazi vizuri ikiwa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Ikipita 120 huanza kuharibika haraka. Sisi wa gia hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hapo hupunguza umri wa oili kwa nusu. Ikizidi zaidi, mipira ya ndani inakuwa migumu kama plastiki na kuvuja, na karatasi za klachi zilizomo ndani ya giaboksi zinaungua. Harufu unayoisikia ni hiyo.

Joto hilo linatoka wapi? Watu wengi hufikiri giaboksi huchemka kwa kukosa upepo, ndiyo maana ushauri wa kwanza huwa rejeta, feni, au maji. Mimi huuliza kwanza nani anayewasha moto. Kati ya injini na gia zako hakuna klachi ya kukanyaga. Kuna tokonveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili. Ndani yake kuna bakuli mbili zenye mapanga, zinazotazamana bila kugusana. Bakuli la injini linairusha oili, oili inalisukuma bakuli la gia. Ukiwa kwenye tambarare na mzigo mdogo, bakuli la pili linakaribia kasi ya la kwanza na hakuna hasara kubwa. Ukiwa mlimani na tani tano, la kwanza linazunguka sana na la pili linabaki nyuma. Nguvu inayopotea kwa kuteleza huko haiendi hewani, inageuka kuwa joto ndani ya oili.

Tuhesabu kidogo. Tuseme injini yako mlimani inatoa kilowati 80, jambo la kawaida kwa injini hiyo ikikanyagwa, na tokonveta inapoteza asilimia 15 kwa kuteleza. Hiyo ni kilowati 12. Chukua pasi za umeme 12 za wati 1,000, uzitumbukize zote ndani ya ndoo ya oili, uziache zinawaka dakika ishirini. Hayo ndiyo unayoyafanya kutoka Muyembe hadi Sipi. Na huko juu, mita zaidi ya 600 kutoka ulikoanzia, hewa ni nyepesi zaidi na unakwenda pole, kwa hiyo upepo wa kupoza nao ni mdogo.

Ndani ya tokonveta kuna pia klachi ndogo ambayo gari likitulia huyaunganisha yale mabakuli mawili, na kuteleza kunakwisha. Ikifunga, joto linashuka upesi sana. Katika giaboksi nyingi za gia nne za wakati ule klachi hiyo hufunga kwenye gia ya juu kabisa tu. Nyingine hufunga hata ya tatu. Unaweza kujua ya kwako bila fundi. Uwe kwenye barabara tambarare bila trela, kama ile ya Mbale kwenda Sironko, mguu umetulia kwenye mafuta, utazame mshale wa mizunguko ya injini. Utaona gia ya mwisho inaingia, kisha sekunde chache baadaye mizunguko inashuka tena kwa mia mbili au mia tatu bila kasi kubadilika. Kule kushuka kwa mara ya pili ndiyo klachi inafunga. Kisha jaribu tena kitufe cha ovadraivu, yaani cha ile gia ya nne, kikiwa kimezimwa, uone kama inafunga kwenye ya tatu.

Inafaa ujue hivyo kwa sababu ushauri wa "zima ovadraivu ukivuta mzigo" ni wa kweli, lakini una upande wake. Ukiiacha imewashwa mlimani, giaboksi inapanda ya nne, inashindwa, inarudi ya tatu, inajaribu tena. Hiyo ndiyo kupanda na kushuka unakokueleza, na kila badiliko linakwangua klachi na kuongeza moto. Kwa hiyo mlimani izime. Lakini kwenye tambarare, mzigo ukiwa mwepesi na gari likitulia gia ya nne bila kuhangaika, iache iwake, maana hapo klachi ya tokonveta inafunga na oili inapata nafuu. Dereva anayezima ovadraivu kutoka Tororo mpaka Kapchorwa anajidhani anaitunza gia, kumbe pengine anafika chini ya mlima oili ikiwa tayari ya moto.

Na sasa pampu ya dizeli. Kutoka kwenye mkono wa mafuta pale juu ya pampu kuna kebo nyembamba inayoshuka hadi ubavuni mwa giaboksi. Wengi huidhani ni ya kuongeza mwendo tu. Kazi yake kubwa ni kuiambia giaboksi umekanyaga kiasi gani, ili giaboksi ijue ibane klachi zake kwa nguvu kiasi gani. Ukikanyaga sana, kebo inavutika sana, shinikizo la oili linapanda, klachi zinabana. Kebo ikilegea, wewe umekanyaga mpaka chini lakini giaboksi inadhani umekanyaga nusu. Inabana klachi kwa nguvu ya mzigo mdogo wakati mzigo ni wa tani tano. Klachi zinateleza, zinaungua, na gia zinaingia mapema na laini kupita kiasi. Dereva husema gari limekuwa laini siku hizi, kumbe linaumia.

Pampu ikitolewa kwenda kutengenezwa, kebo hii hufunguliwa. Ikirudishwa, aliyeifunga akiwa fundi wa pampu tu, mara nyingi huiweka ilivyomkalia vizuri mkononi. Niliwahi kuletewa gari kama lako ambalo mwenyewe alikuwa ameshanunua giaboksi ya pili ya mtumba baada ya ile ya kwanza kuungua, na ya pili nayo ilikuwa imeanza kunuka. Giaboksi zote mbili hazikuwa na kosa. Kebo ilikuwa imelegea tangu siku pampu iliporudishwa, na hakuna aliyeitazama. Iliniuma, kwa sababu kuirekebisha kulichukua dakika kumi.

Yako unaweza kuikagua leo. Zima injini. Mwambie mtu akanyage mafuta mpaka mwisho na ashikilie. Wewe tazama pale kebo inapoingia kwenye ala yake karibu na pampu: kuna mpira mwishoni mwa ala, na kuna kijishanga cha chuma kilichobanwa kwenye waya. Kanyagio likiwa chini kabisa, nafasi kati ya mpira na kijishanga iwe kati ya milimita 0 na 1. Ukikuta waya unalegalega, au kijishanga hakifiki kwenye nafasi hiyo, umepata mshukiwa mkubwa. Kwa kuwa tatizo lako lilianza mwaka uleule pampu ilipofunguliwa, hapa ndipo ningeanzia mimi, kabla hujanunua hata boliti moja.

Matairi nayo yana sehemu yake. Tairi kubwa ni kama kuongeza urefu wa gia: kila mzunguko wa tairi unakupeleka mbali zaidi, kwa hiyo injini inapata kazi ngumu zaidi kuuzungusha. Mlimani ni tokonveta inayolipa. Kama umeongeza inchi mbili, si kosa la kuua gari, lakini likijumlishwa na kebo, na mzigo, na oili ya zamani, linahesabika. Ukifika wakati wa kununua mengine, rudi kwenye saizi iliyoandikwa kwenye mlango wa gari.

Tuje kwenye oili na ule msemo kwamba ukiibadilisha gia inakufa. Msemo huu haukutoka hewani. Watu wameona gari linaloteleza kidogo, oili ikabadilishwa, kesho yake likagoma. Kilichotokea ni kwamba klachi zilikuwa zimeshakwisha, na ule unga wa klachi uliokuwa ukielea kwenye oili chafu ulikuwa unazisaidia kushikana. Oili mpya ikausafisha. Kwa hiyo oili mpya ilionyesha kifo kilichokuwa kimeshatokea. Kinachoua giaboksi nzima ni kuiacha oili iliyoungua ndani yake.

Ikague hivi. Endesha gari mpaka lipate moto, lisimame mahali tambarare, injini ikinguruma. Pitisha mkono wa gia kila mahali pole pole kutoka P hadi L na kurudi P, kisha toa kijiti cha oili ya gia, kifute, kirudishe, ukitoe tena usome alama ya moto. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu inayong'aa ni nzuri. Kahawia yenye harufu kali imechoka, ibadilishwe. Nyeusi yenye punje zinazokwaruza kidoleni maana yake klachi zinamomonyoka. Ikiwa ya rangi ya waridi yenye maziwa, simama hapo hapo, nitakueleza kwa nini.

Ikiwa ni kahawia tu, mwambie fundi aimwage, afungue sufuria ya chini, aoshe chujio na sumaku zilizomo, na aangalie kilichonasa. Utope laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida kwa gari la umri huu. Vipande vya chuma au magamba meusi si vya kawaida. Ukimwaga hivyo hutoki na oili yote, kwa sababu nyingi hubaki ndani ya tokonveta. Kwa hiyo endesha wiki moja au mbili bila trela, umwage tena, na mara ya tatu pia. Mimi huipenda njia hii ya polepole kwa giaboksi zilizokaa miaka bila kuguswa, kuliko mashine ya kusukuma oili yote mara moja, ambayo huweza kukorofisha uchafu uliokuwa umelala. Tumia oili ya daraja la Dexron ambayo kitabu cha gari kinaitaja. Usikubali kuongezewa oili nzito ya injini "ili ibane." Klachi hazibani kwa uzito wa oili, na oili nzito haipiti vizuri kwenye vijitundu vya ndani.

Kuhusu wale mafundi watatu. Aliyekuambia utoe themostati amekosea, na hili nalisema wazi kwa kuwa linafanyika sana. Katika injini nyingi za Toyota themostati hufanya kazi mbili. Ikipata moto inafungua njia ya kwenda rejeta na wakati huohuo inaziba njia ya pembeni ambayo maji huzungukia injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya pembeni inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka tu bila kupozwa. Kwenye tambarare hutaona kitu. Mlimani na mzigo ndipo injini itakapochemka, na silinda hedi ikipasuka utaisahau giaboksi.

Wa rejeta ana hoja nusu. Oili ya giaboksi yako hutoka, inapita kwenye kipoza kidogo kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta, kisha inarudi. Rejeta ikiwa imeziba kwa kutu na chokaa, oili nayo haipozwi. Kwa hiyo rejeta nzima, iliyo safi, ni msingi. Lakini kubwa zaidi si lazima. Na hapa ndipo ile rangi ya waridi inapoingia: rejeta za umri wa gari lako huoza ndani, maji yanaingia kwenye oili na oili inaingia kwenye maji. Gundi inayoshika karatasi za klachi huachia ikipata maji. Kama rejeta yako ni ile ile iliyotoka nayo Japani, ama uibadilishe, ama umwambie fundi asiitumie tena kwa oili, badala yake akuwekee kipoza cha nje peke yake.

Kipoza cha nje nakiunga mkono kabisa kwa kazi yako, ila kiwe baada ya kebo na oili, si kabla. Ukikiweka huku klachi zinateleza, umenunua ndoo kubwa ya kukinga maji ya paa linalovuja. Kiwekwe mbele ya rejeta ambako upepo unaingia moja kwa moja, na kama rejeta ni mpya, oili ipite kwenye rejeta kwanza kisha kwenye kipoza ndipo irudi kwenye giaboksi. Mipira yake iwe ya oili inayostahimili moto, isiwe ya maji wala ya petroli; mpira wa petroli hupasuka na kumwaga oili yote barabarani kwa dakika moja. Na ukienda soko la Kisekka kule Kampala kutafuta spea, usinunue kipoza kilichotumika, hata kikiwa kizuri kwa macho. Kama kilitolewa kwenye gari lililounguza gia, magamba ya klachi yamebaki ndani ya vijia vyake na hayatoki kwa kuosha. Fundi huyohuyo akuwekee na mshale wa kupima joto la oili. Kwangu huo mshale una faida kuliko kipoza, kwa sababu ukiona 110 unapunguza mwendo na kushusha gia mwenyewe, badala ya kungoja taa.

Wa tatu, wa gia za mkono, simbezi. Gari likiwa la kazi tu, gia za mkono zinafaa mlima. Lakini hesabu yake si giaboksi peke yake: ni pedali, flaiwili, klachi, shafti za kukatwa au kubadilishwa, na fundi wa kuyaunganisha yote. Na mzigo huohuo utaiunguza klachi ya mkono pia, hasa ukisimama mlimani na kuondoka tena. Ningelifikiria hilo ikiwa tu giaboksi ya sasa ikifunguliwa itakutwa imekwisha kabisa.

Unavyoendesha pia kutabadilisha mambo. Kabla ya kupanda, zima ovadraivu, na pale mlima unapokaza weka 2 mwenyewe mapema, uiache injini izunguke kati ya 2,000 na 2,800. Inapiga kelele zaidi, lakini tokonveta haitelezi sana kama ukilazimisha ya tatu kwa mizunguko ya chini. Ukisimama kwenye mwinuko, shikilia gari kwa breki, kamwe usilishikilie kwa kukanyaga mafuta kidogo kidogo. Hapo bakuli moja linazunguka na la pili limesimama kabisa, yaani nguvu yote inakuwa moto. Kwenye barabara ya vumbi yenye mwinuko mkali, tumia mkono mdogo wa fo-wili kwenye L: gia za chini zinaibebea tokonveta mzigo. Usifanye hivyo kwenye lami kavu, maana kwa 80 yako shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na zinapindana ukikata kona.

Taa ikiwaka, kaa kando, weka P, vuta hendibreki, weka mawe kwenye matairi ya trela na alama nyuma ya gari ili wenzako wasikugonge. Lakini usizime injini. Ukizima, pampu inasimama, oili ya moto inabaki imetulia ndani ya tokonveta ikiendelea kupika mipira. Acha injini inguruma, uiongeze kidogo hadi kama 1,200, oili izunguke kwenye kipoza mpaka taa izime, kisha ngoja dakika kumi zaidi. Na usisahau kuondoa yale mawe barabarani unapoondoka.

Limebaki neno gumu. Land Cruiser 80 iliandikiwa uwezo tofauti kwa nchi tofauti. Australia, ambako huvuta sana, kiwango kilikuwa kilo 2,500 kwa trela lenye breki zake, na kilo 750 tu kwa lisilo na breki. Wewe unavuta karibu kilo 2,500 bila breki, kwa ekseli moja, kwenye mlima. Nikikutengenezea giaboksi ikawa kama mpya na nikanyamaza kuhusu hilo, nitakuwa nimekusaidia kufika juu tu. Mwambie aliyekuchomelea trela aweke ekseli yenye breki. Ziko za kusukumwa na trela lenyewe gari linapopunguza mwendo, hazihitaji waya wala hewa. Mpaka hapo, pakia mifuko michache mno kuliko hiyo, au lipa lori la Fuso lipandishe simenti wewe ubaki na vitu vyepesi. Najua kila safari ya ziada inakula faida yako. Hata hivyo, mifuko 40 kwa trela hilo siwezi kukuambia ni sawa.

Kuna dalili ambazo haziponi kwa maandishi. Kukawia asubuhi ni mojawapo. Ukitia D na gari likashika ndani ya sekunde moja hivi, ni sawa. Likizidi sekunde mbili, au injini ikinguruma bila gari kuongeza mwendo, au punje nyeusi zikionekana, au ile rangi ya waridi, usilivute tena trela, lipeleke kwa fundi wa giaboksi za otomatiki, si fundi wa kila kitu. Mwombe apime shinikizo la oili kwa geji kabla ya kufungua chochote. Kipimo hicho kitamwonyesha kama tatizo ni kebo, pampu ya ndani au klachi. Fundi anayetaka kuishusha giaboksi bila kupima, mwachie. Ile ya kushika breki na kukanyaga mafuta mpaka mwisho ili kupima kuteleza mwachie fundi mwenyewe, tena isizidi sekunde tano. Nimeona giaboksi iliyokuwa nzima ikaungulia hapo.

Kagua kebo kwanza, kisha tone la oili kwenye karatasi. Uniandikie nafasi ya kijishanga ni milimita ngapi, oili ina rangi gani, na asubuhi D inachukua sekunde ngapi kushika, injini ikiwa ya baridi na tena ikiwa ya moto. Nikipata hayo nitaweza kukuambia kama giaboksi hiyo inastahili kipoza au inastahili kufunguliwa.